Barua ya wazi kwa TCU na Seneti za vyuo vikuu: isomeni namba ya mtihani yote

Kwa Katibu Mtendaji wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania,
Kwa Makamu Wakuu wa Vyuo na wajumbe wa Seneti,
Nakala kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia.

Waheshimiwa,

Ninafundisha Fizikia kidato cha tano na cha sita katika shule ya serikali huku mikoa ya kusini. Kila Julai matokeo yakitoka, wanafunzi wangu wananitafuta na kitabu cha mwongozo wa udahili mkononi ili tupige hesabu pamoja. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Somo hili na lile zinafika ngapi, kozi ipi inawezekana, ipi waiache. Nawaandikia kuwaomba muongeze swali moja katika hesabu hiyo: mwanafunzi huyu alizipata pointi zake akiwa wapi, na kwa kutumia nini.

Naomba nieleweke mapema. Siombi sifa za chini zishushwe. Prinsipo mbili, yaani masomo mawili aliyofaulu kwa daraja A hadi E, zenye jumla ya pointi 4.0 zibaki pale pale, na anayetaka udaktari aendelee kuleta prinsipo tatu za Fizikia, Kemia na Baiolojia. Ombi langu linawahusu waliokwisha kuvuka mstari huo, maana ndipo ushindani ulipo. Kwenye kozi zinazogombewa, waombaji wenye sifa ni wengi kuliko viti. Hapo orodha inapangwa kutoka juu kwenda chini, kisha inakatwa, na kinachoamua nani abaki juu ya mkato ni tarakimu peke yake.

Chukueni binti mmoja niliyemfundisha tahasusi ya PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati. Alitoka shule ya kata ambayo kwa sehemu kubwa ya kidato cha tatu na cha nne haikuwa na mwalimu wa Fizikia. Walifundishana wenyewe jioni, wakinakili ubaoni kutoka kwenye daftari la kaka wa mwenzao aliyesoma mjini. Siku ya kwanza ya maabara kwetu niliwapa nyaya, betri, kikinzani na ammita, yaani kipima mkondo wa umeme, waunge saketi. Yule binti aliichora saketi daftarini bila kosa, na sheria ya Ohm aliitaja kabla sijamaliza kuuliza. Lakini ammita yenyewe aliigeuza huku na huku akitafuta waya unaingia upande gani. Ammita aliyoijua yeye ilikuwa duara lenye herufi A ndani. Kabla muhula haujaisha ndiye aliyekuwa akiwaelekeza wenzake wanaochanganya chanya na hasi.

Mtihani wa mwisho ulimpa C ya Fizikia na D ya Hisabati. Pointi 5. Alivuka sifa ya chini, akaomba uhandisi wa umeme, akakosa awamu ya kwanza, akakosa na iliyofuata, akaishia kwenye kozi ambayo hakuwahi kuiwaza. Waliomtangulia kwenye orodha sina shaka walistahili. Wengi wao walishika ammita tangu kidato cha kwanza, wakawa na mwalimu wa somo mwaka mzima na wa ziada wakati wa likizo. Ninachouliza ni hiki: kati ya mtu aliyetoka sifuri akafika C kwa miaka miwili, na mtu aliyeanzia B akabaki B kwa miaka sita, chuo cha uhandisi kina uhakika gani kwamba wa kwanza hastahili hata kutazamwa mara mbili?

Kuna kitu kingine ambacho pointi hazikisemi, nacho ni lugha. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha akiingia kidato cha kwanza anakutana na Kiingereza kwenye karibu kila somo, ukiacha Kiswahili chenyewe. Aliyesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza anafika hapo akiwa na miaka saba ya mtaji. Nayaona haya kila wiki. Nikieleza mchapuko au msukumo kwa Kiswahili, mikono inanyanyuka darasa zima na majibu yanakuja sahihi. Swali lile lile likija kwenye karatasi ya mtihani, kuna anayeliacha wazi. Karatasi inarudi na alama ya Fizikia, wakati nusu ya kilichopimwa ilikuwa lugha.

Sasa mtaniuliza, haya yote chuo kitayajuaje? Hatuwezi kutuma maofisa kata kwa kata.

Hakuna haja. Mnayo tayari. Mwombaji anapojaza fomu zenu anaanza na namba yake ya mtihani wa kidato cha nne: herufi S, tarakimu nne za kituo, mkwaju, tarakimu nne zake mwenyewe, na mwaka. Zile tarakimu nne za mwanzo ndizo shule yake. Baraza la Mitihani huweka matokeo ya kila kituo kwenye tovuti, na chini ya ukurasa lipo jedwali la masomo linaloonyesha waliofanya, waliofaulu na wastani wa somo kwa kituo hicho. Mtu yeyote mwenye bando anaweza kuona kwamba C ya Fizikia kutoka kituo fulani ndiyo ya juu kuliko zote pale, na C kutoka kituo kingine ni ya mtu aliyeshika mkia. Mifumo yenu ya kompyuta inaisoma namba hiyo ili kuvuta alama. Iisome mpaka mwisho.

Na serikali hii hii inauliza maswali ninayoyasema, ila inayauliza mlango wa pili. Bodi ya Mikopo inataka kujua kama mwombaji ni yatima, kama ana ulemavu, kama kaya yao inanufaika na TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, na nani alimlipia masomo ya sekondari. Vyeti vya vifo vinaambatishwa, barua zinagongwa mihuri. Tunakubaliana kwamba mazingira ya mtoto yana uzito linapokuja suala la ada na chakula chake chuoni. Ila maswali hayo yanamsaidia aliyekwisha kupata kiti. Aliyekatwa kwenye orodha hana mkopo wa kuomba. Hata Samia Scholarship, ambayo ni jambo jema na nimewasindikiza vijana wangu kuiomba, inatazama ufaulu wa juu wa sayansi kidato cha sita, yaani tarakimu zile zile kwa mara ya pili.

Wapo watakaosema nchi hii haina mila ya kutazama zaidi ya alama. Inayo, na wakongwe wa Seneti wanaikumbuka. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikutana Musoma, na kwa azimio lake njia ya kutoka kidato cha sita moja kwa moja hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikafungwa. Kijana alitakiwa kupita Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi isiyopungua miaka miwili, kisha alete maoni mazuri ya mwajiri na ya tawi la chama. Wazo lenyewe lilikuwa na heshima yake, kwamba chuo kisiwe cha watu wasiojua jasho la nchi. Lakini tazameni kilichotokea. Idadi ya wanawake ilishuka, kwa kuwa binti aliyetoka shule na kusubiri miaka mitatu mara nyingi aliolewa au alipata mtoto kabla zamu yake haijafika, na baada ya muda mfupi ikabidi wanawake waondolewe sharti hilo. Kisha kuna ile barua ya tawi. Mtu anayeishika kalamu ya kukusifu ana uwezo wa kukunyima sifa hiyo, na kijana aliyekuwa na mdomo mtaani kwake alilijua hilo vizuri. Katika miaka ya 1980 utaratibu huo uliachwa.

Nalitaja azimio hilo kwa sababu siku hizi nasikia wazo la kuiga vyuo vya Marekani: insha binafsi, barua za mapendekezo, orodha ya klabu na mashindano, pengine na mahojiano. Kwa heshima zote, naomba msiende huko. Hapa ndipo nina uchungu, maana barua hizo nimeombwa kuziandika. Wanafunzi wetu wachache huomba ufadhili wa nje, na wakati mwingine mzazi mwenye uwezo hufika ofisini na barua iliyokwisha chapwa, imepangwa vizuri, inamsifu mtoto kwa uongozi na huruma, kilichobaki ni sahihi yangu na muhuri wa shule. Mzazi wa binti wa ammita hajui hata kama kuna barua ya namna hiyo duniani. Mkifungua dirisha la barua na insha, mtapokea kazi za watu wazima wanaolipwa, na sasa kazi za programu za akili mnemba, na mtoto wa mkulima wa korosho ataandika ukurasa mmoja kwa Kiingereza chake cha kidato cha nne.

Wamarekani wenyewe historia yao inatosha kututahadharisha. Harvard ilianza kupima tabia na haiba ya mwombaji katika miaka ya 1920, chini ya rais wake Lawrence Lowell, wakati Wayahudi waliofaulu mitihani walipokuwa wengi kuliko alivyotaka. Mwaka 1922 alipendekeza wawekewe kikomo cha asilimia 15, akakataliwa hadharani. Miaka michache baadaye vigezo vya tabia, picha na mahojiano vikafanya kazi ile ile kimya kimya. Na mwaka 2019 waendesha mashtaka wa huko walifichua mtandao wa mshauri mmoja, Rick Singer, aliyelipwa mamilioni ya dola na wazazi matajiri kuwaingiza watoto vyuoni, baadhi yao wakisajiliwa kama wanamichezo wa michezo wasiyoicheza, mpaka kwa picha za kutengeneza. Kigezo kisichoweza kuhakikiwa kinanunuliwa. Kwetu kingenunuliwa kwa bei nafuu zaidi.

Lakini Marekani hiyo hiyo kuna jimbo lililofanya jambo ambalo hata mwalimu wa kata angeweza kulieleza wazazi kwenye kikao. Mwaka 1997 Texas ilitunga sheria kwamba mwanafunzi aliyemaliza katika kumi ya juu kwa kila mia shuleni kwake amehakikishiwa nafasi katika vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilo. Hakuna insha hapo, wala hakuna anayepima haiba yako. Umeongoza pale ulipowekwa, basi, njoo. Baadaye chuo kikubwa cha Austin kiliruhusiwa kupunguza kiwango hicho kwa kuwa waliostahili walikuwa wengi mno, lakini msingi umebaki: mtoto anashindanishwa kwanza na waliokaa naye dawati moja.

Jirani zetu pia wamejaribu. Makerere iliongeza pointi 1.5 kwa wasichana kuanzia mwaka 1990, na nafasi za ufadhili wa serikali ya Uganda zina fungu la wilaya, la wenye ulemavu na la wanamichezo. Fungu la wilaya limelalamikiwa, na naelewa kwa nini: mtoto anayesoma shule ya gharama Kampala anaweza kuomba kwa jina la wilaya ya babu yake. Ndiyo sababu nasema tutazame kituo cha mtihani na tuache asili ya mtu. Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, kiliwaita wasichana wa sayansi waliokuwa chini kidogo ya ushindani, kikawapa masomo ya wiki kadhaa kabla ya mwaka kuanza, kikawapima, kikawadahili waliofaulu. Ule mlango haukuwa wa huruma, ulikuwa wa kazi. Mlikwisha kuujenga mara moja.

Kwa hiyo ninaloliomba ni hili. Kila kozi inayojaa itenge sehemu ya viti vyake, Seneti ndiyo iamue kama ni moja ya tano au moja ya kumi, kwa waombaji waliovuka sifa ya chini na walioongoza katika masomo husika kwenye vituo vyao vya kidato cha nne. Viti vilivyobaki vigombewe kwa pointi kama sasa. Kipimo kiwe ni matokeo ya kituo, na isiulizwe kama shule ni ya serikali au ya binafsi, kwa kuwa zipo shule binafsi zenye hali mbaya kuliko za kata, na zipo za serikali, kama Kibaha, Ilboru au Mzumbe, ambazo huchukua vijana wenye ufaulu wa juu tangu mwanzo. Wale waliosoma na ulemavu, kwa maandishi ya nukta nundu au kwa maandishi makubwa, wawe na fungu lao linalojulikana, lisiwe jambo la mkuu wa idara kuonea mtu imani.

Mzazi mjanja atamhamishia mtoto shule ya kata kidato cha nne ili aongoze huko. Atajaribu, nina hakika. Lakini mtihani wa upimaji wa kidato cha pili nao una namba yake ya kituo. Vituo viwili visipofanana, mwombaji aeleze, na asipoeleza vizuri abaki kwenye viti vya kawaida.

Pingamizi zito zaidi ni la ubora, na sitalipita haraka. Wote tunakumbuka Mei 2016, wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) walipoamriwa kurudi nyumbani, na maneno yaliyosemwa juu ya sifa zao. Tangu hapo nadhani kila mkuu wa chuo anaogopa kuonekana amefungua mlango kwa wasiostahili. Naielewa hofu hiyo. Lakini watu ninaowazungumzia wana sifa zilizoandikwa na TCU yenyewe. Wamefaulu. Na kama shaka ni iwapo mwenye pointi 5 kutoka shule isiyo na mwalimu atamudu mwaka wa kwanza, jibu halihitaji ubishi, liko kwenye kompyuta zenu. Mnayo matokeo ya mwaka wa kwanza ya kila mwanafunzi mliyewahi kumdahili, mnazo pointi alizoingia nazo, mnayo namba ya shule yake. Yawekeni pamoja mtazame wanafunzi wa shule duni wanafika wapi ifikapo mwaka wa tatu wakilinganishwa na wenzao walioingia na pointi sawa. Kisha yatangazeni, hata yakinipinga. Kama yatanipinga nitawaambia wanafunzi wangu ukweli huo mimi mwenyewe.

Kabla sijafunga niwataje watu wazima. TCU mnao utaratibu wa kutambua maarifa yaliyopatikana nje ya mfumo rasmi, ule unaoitwa RPL, na ni mmoja wa mambo mazuri mliyofanya. Fundi umeme aliyetandaza nyaya miaka kumi na tano anaweza kupimwa na kuingia chuo. Tatizo ni kwamba huku kwetu karibu hakuna anayeujua. Tangazo linakaa kwenye tovuti, na fundi yuko juu ya nguzo. Lipelekeni kwenye vyuo vya ufundi vya VETA, lipelekeni kwenye redio za jamii, libandikeni halmashauri.

Mitihani ya kidato cha sita hufanyika Mei, matokeo hutoka Julai na dirisha la udahili hufunguliwa papo hapo. Kitabu cha mwongozo huwa kimeshaandaliwa, kwa hiyo lolote litakaloamuliwa lazima lipite Seneti mapema. Kama vyuo vyote ni vingi mno kwa kuanzia, anzeni na uhandisi katika chuo kimoja, kwa miaka mitatu, na idadi ya waliodahiliwa kwa njia hii itangazwe kila mwaka pamoja na walivyofaulu. Sharti liandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza, kwa maneno ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne ataelewa, na litufikie walimu kabla ya shule kufungwa, maana kijana akisharudi kijijini kwao kusikokuwa na mtandao, hata mimi simpati tena.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Fizikia,
Shule ya sekondari ya serikali, mikoa ya kusini